Fundi Aliyetunza Maneno ya Siri

Kabla hajaingia ndani ya nyumba yoyote, Fundi alisimama nje kwanza akautazama waya wa umeme tangu kwenye nguzo mpaka unapoingilia chini ya bati. Aliutazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Akiridhika, alivua viatu. Ukimkaribisha kiti hakukaa, alikwenda moja kwa moja nyuma ya luninga, akaigusa kwa mgongo wa kiganja kusikilizia joto lake, akasema, "Bado mzima." Hapo ndipo alipokumbuka kusalimia watu.

Hivyo ndivyo alivyoingia kwangu mara ya kwanza, na hivyo ndivyo alivyoendelea kuingia kwa miaka yote niliyomfahamu. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Bariadi. Yeye alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mtaa wa Malambo. Watu wazima walimwita Fundi, watoto walimwita Fundi, hata mke wake alimwita Fundi. Zamani alitengeneza redio, baadaye akafunga madishi. Kisha watu wakaanza kuchoka na madishi, wakataka kutazama vitu vya mtandaoni kwenye luninga zao, na yeye akajifunza hayo nayo, mvi zikiwa zimeshamjaa kichwani.

Watu wengi hapa kwetu hununua kwanza, halafu ndiyo wanauliza. Mtu anatoka Mwanza na boksi lake la mtandaoni kwenye mfuko, amelichagua kwa sababu lina taa ya bluu, anafika kwake anakuta luninga yake ya zamani, ile ya mgongo, haina hata tundu la kulichomekea. Hapo anaitwa Fundi. Hakuwacheka watu wa namna hiyo. Aliligeuza boksi mkononi, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Ungeniuliza kabla," kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba.

Mimi nilimuuliza kabla. Nilidhani atanitajia aina moja na duka, niende nikanunue. Badala yake aliniuliza maswali kama daktari.

"Luninga yako ina tundu hili?" Akalichora kwa kidole kwenye vumbi la meza yangu.

"Inalo."

"Umeme unakatika mara ngapi kwa wiki?"

"Sijahesabu, Fundi. Unakatika."

"Simu yako inashika mtandao ukiwa hapa sebuleni, au mpaka utoke uani?"

"Hapa unashika, ila mvua ikinyesha unasumbua."

"Na ukiwa kazini, rimoti anaishika nani?"

Nikamwambia ni mama yangu, niliyekuwa nimemchukua kijijini akae nami, na kwamba macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu.

"Basi hatununui kwa ajili yako," alisema. "Tunanunua kwa ajili yake."

Akanieleza kuna kijiti, kinachochomekwa nyuma ya luninga kama kidole, na kuna boksi, linalokaa mezani. Boksi lina nguvu na nafasi, lakini rimoti zake nyingi zina vitufe kama mbegu za tikiti, mzee hawezi. Kijiti kina vitufe vichache, ila kinapata joto haraka, na watu hukosea wakakipa umeme wa luninga yenyewe, ambao ni mdogo, kikawa kinazimika na kuwaka chenyewe kama mtu mwenye degedege. Luninga janja, ile yenye kila kitu ndani, hakuipenda. "Ujanja wake unazeeka kabla ya kioo," alisema. Akanichagulia kijiti, akakipa umeme wa ukutani kupitia kifaa cha kuzuia umeme mkubwa, akachukua uzi wa pamba akauzungusha na kuugandisha kwa gundi pembeni ya kile kitufe cha katikati, ili kidole cha mama kikijue bila macho. Mama alijifunza kwa siku moja. Alikuwa akitafuta kwaya, na akizipata anaimba nazo.

Kuhusu bando alikuwa na usemi wake. "Bando ni maji ya lambo," alisema kila nyumba. "Ukiacha kila ng'ombe ajinywee, jioni unakuta matope." Kwa hiyo alishusha ubora wa picha, akazima ile tabia ya video moja kuisha na nyingine kujianzisha, akazuia kifaa kujisasisha bila ruhusa. Maboksi yale ya bei poa yanayokuja yameshajazwa kila chaneli ya dunia bure, aliyakataa katakata. Kijana mmoja muuza vifaa sokoni alimbembeleza ayapendekeze kwa wateja. Fundi akamuuliza, "Kama ni bure, huyo anayewalipia wote ni nani, na anataka nini?" Fundi akaondoka, lakini siku tatu nzima alikuwa akilirudia swali lile, kana kwamba yeye ndiye aliyeulizwa.

Ndivyo alivyokuwa. Hofu haikumtoka. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa alishika simu akapiga nyumba baada ya nyumba: "Chomoa. Chomoa na waya wa ukutani, siyo kuzima tu." Tulimcheka. Wengine walipokea simu na kusema "Tumeshachomoa, Fundi" kabla hajafungua mdomo. Aliweza kufika getini kwake, akageuka, akarudi mpaka kwako kuuliza kama umechomoa kweli au umesema tu. Mke wake alikuwa akisema, "Huyu angezaliwa ng'ombe angekonda."

Ila mtu huyohuyo aliyeogopa hivyo, alipanda juu ya bati bila ngazi ya maana. Mtu huyohuyo aliyewafungulia wengine dunia nzima sebuleni, luninga yake mwenyewe aliifunika kitambaa cha kufumwa kama picha ya marehemu. Alikifunua anapojaribu vifaa tu, na Jumapili mchana, ambapo alitazama kitu kimoja: video za watu wa nchi za mbali wakitengeneza saa za ukutani. Alizima sauti. Nilimkuta hivyo siku moja, mzee mzima ameinama mbele ya luninga isiyosema, anatazama koleo ndogo ikishika gurudumu dogo kuliko punje ya mtama.

"Kwa nini umezima sauti?" nikamuuliza.

"Wanajisifu," alisema. "Mikono yao haijisifu."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Vifaa hivi vyote, kijiti au boksi, havionyeshi kitu mpaka umefungua akaunti, na akaunti inataka neno la siri. Vijana wanajifungulia wenyewe. Lakini wateja wa Fundi wengi walikuwa wazee, wajane, wakulima, watu ambao simu zao ni za vitufe. Walimwambia, "Tufungulie wewe, weka neno unalotaka." Akawafungulia. Kila nyumba akaunti yake, kila nyumba neno lake, na namba ya simu ya kurejesha neno likisahaulika akaweka yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inapatikana.

Maneno hayo hakuyaandika popote. Nilipomwambia ayaandike kwenye daftari aliruka kama nimemwambia ayabandike kwenye ubao wa matangazo. "Daftari lina miguu, Mwalimu," alisema. Alikuwa na njia yake. Siku ya kufunga kifaa alisimama katikati ya sebule, akatazama huku na huku, akachukua kitu kimoja au viwili alivyoviona, akavifanya neno. Mlango wa kijani. Kalenda iliyopinda. Baiskeli isiyo na tandiko. Akishakuwa ameiona sebule yako, neno lako lilikaa humo, naye akikumbuka sebule analikumbuka neno.

Maana yake nini? Maana yake, kama angetaka, angeweza kufungua kwenye simu yake na kuona kila mtu wa mtaa anatazama nini. Nilikuja kulifikiria hilo baadaye sana, na nilipolifikiria sikulala vizuri, kwa sababu hata akaunti yangu aliifungua yeye, nikakumbuka yale niliyokuwa nikitafuta mimi mwenyewe: dalili za maradhi, na mwaka ule mchumba wangu aliponiacha, mambo mengine ya kipuuzi. Nikamuuliza ana kwa ana.

"Fundi, huwa unaangalia?"

"Wakati wa kurekebisha mtu akiniita, macho yanaona," alisema. "Siwezi kuyang'oa."

"Na huogopi kubeba mambo ya watu namna hiyo?"

"Naogopa kila siku," alisema. "Ndiyo maana sinywi pombe."

Ni kweli hakunywa, na sikuwahi kusikia neno lolote kutoka kwake kuhusu nyumba yoyote. Moja tu ndilo alilonidokeza, na ni kwa sababu alihitaji msaada wangu kumfariji mwenye nyumba. Nyumba ya nyuma yetu anakaa Mama Kulwa, mjane mwenye mashine ya kusaga. Alizaa mapacha. Kulwa yuko Shinyanga. Dotto, mdogo wake, alikuwa dereva wa lori la pamba. Aliugua muda mfupi akafariki. Simu yake ilikuwa na video alizojipiga mwenyewe, na ilikuwa imeanza kufa kioo. Fundi akazitoa video zile, akazipandisha kwenye akaunti ya mama yake, mahali pasipoonekana na mtu mwingine, ili aweze kumtazama mwanawe kwenye luninga. Muda mfupi baadaye simu ile ilikufa kabisa.

"Anaifungua kila siku saa kumi," Fundi aliniambia. "Ileile moja. Mwalimu, uwe unapita pale saa kumi na nusu, umwombe hata chumvi."

Nikawa napita.

Mama yangu alifariki. Fundi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, akashika upande wa kulia, mbele. Alirudi nyumbani kwangu wiki iliyofuata, akakitoa kijiti nyuma ya luninga bila mimi kumwomba, akakifuta vumbi, akakirudisha. Hiyo ndiyo rambirambi yake.

Ikapita kama miaka miwili. Jumanne moja, nimetoka shule, akaingia kwangu. Akaigusa luninga, akasema bado mzima, akanisalimu. Halafu akauliza, "Na mama, macho yake yanaendeleaje?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama. Alikuwa anasubiri jibu, uso wake wa kawaida kabisa, wa mtu anayejali.

"Hajambo," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alipoondoka nilikaa kitini sikuweza hata kuweka chai jikoni. Nilikwenda kwa mke wake siku iliyofuata, Fundi akiwa kazini, nikamweleza. Hakushangaa. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Juzi alikwenda kununua gundi, akarudi na kitasa," alisema. "Nikamuuliza cha mlango gani? Akakasirika. Fundi hajawahi kunikasirikia kwa sababu ya mlango."

"Mumwone daktari, mama."

"Daktari atampa nini? Uzee hauna sindano." Kisha mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Mwalimu, usimwambie mtu. Wakijua hawatamwita tena, na asipoitwa atakufa."

Nikanyamaza. Nilinyamaza nikijua nina kosa, kwa sababu nilijua kilichokuwa kichwani mwake si chake peke yake. Kila nilipomwona anapita na mkoba wake nilianza kuhesabu nyumba: huyu atakuwa bado analikumbuka la huyu? Na la yule? Nilikuwa na hofu hiyo darasani, nikifundisha, chaki mkononi.

Mvua za vuli zilipoanza, siku moja mchana mbingu ikawa nyeusi upande wa ziwa. Nilishika simu nikingoja. Simu haikulia. Nikachomoa vyangu mwenyewe, nikasimama dirishani nikitazama nyumba yake, na sikujiuliza kama wengine nao wanangoja kama mimi. Walikuwa wamezoea kukumbushwa. Radi ilipiga mara mbili, ya pili ikapiga karibu, bati zikalia.

Asubuhi yake Mama Kulwa akaja kwangu mbio, kanga begani. Boksi lake limeungua, limetoa moshi.

"Fundi hakunipigia," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema jua halikuchomoza.

Fundi alipofika aliliona boksi jeusi upande mmoja, akakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza namwona anakaa katika nyumba ya mtu kabla hajamaliza kazi. Lakini boksi si kitu, linanunuliwa jingine. Alikuwa nalo moja kwake, akaenda kulileta, akalifunga, likawaka, likauliza akaunti. Akaandika. Likauliza neno la siri.

Akasimama katikati ya sebule, akatazama huku na huku.

Mama Kulwa alikuwa ameipaka rangi sebule ile mwaka uliopita. Viti vilikuwa vipya. Mahali palipokuwa na meza ya cherehani sasa palikuwa na friji. Nilimwona Fundi anatafuta kitu ukutani, anatafuta sakafuni, macho yanarudi palepale. Akaandika neno. Likakataliwa. Akaandika jingine. La tatu. La nne. Kisha ikatokea taarifa kwamba amejaribu mara nyingi mno, asubiri.

"Tumia ile namba ya simu," nilimnong'oneza. "Watakutumia ujumbe."

"Ile laini niliacha kuitumia," alisema. "Wakaifunga. Nilisema nitabadilisha. Nilisema…"

Mama Kulwa alikuwa akitutazama, mara mimi, mara yeye.

"Kuna nini, Fundi?"

"Nimelipoteza."

"Umepoteza nini?"

"Neno."

"Si ulisema liko kichwani?"

"Kichwa ndicho kinachopotea, mayu," alisema Fundi, akimwita mama kwa Kisukuma.

Ilikuwa mara ya kwanza analisema mbele ya mtu. Mama Kulwa hakulielewa mara moja. Alipolielewa alishika mlango. Nilitegemea atapiga kelele. Mimi mwenyewe nilitaka kupiga kelele. Dotto alikuwa humo ndani, hakuwa mahali pengine popote duniani ila makaburini. Mama Kulwa akaingia chumbani, tukabaki tumekaa mimi na Fundi kama washtakiwa. Fundi akaikalia mikono yake.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akauliza, "Kinataka tusubiri mpaka lini?"

"Mpaka alasiri, pengine," nikasema.

"Basi tusubiri. Tutakunywa uji."

Akaanza kuvisogeza viti vyake vipya. Akamwambia Fundi asimame pale pale alipokuwa amesimama siku ile ya kwanza. Mimi na yeye tukalisukuma friji. "Hapa palikuwa na cherehani," akamwonyesha. "Hapa kalenda ya kanisa. Ukuta ulikuwa wa chokaa." Fundi akatikisa kichwa. Tukanywa uji. Saa zikapita. Mama Kulwa akaanza kumsimulia siku ile kwa Kisukuma, lugha ambayo wote wawili waliongea nyumbani. Mimi nilisikia nusunusu. Nilisikia anamkumbusha jinsi alivyomkaribisha kiti akakataa, na Mama Kulwa akamwambia afadhali umekataa, maana chini ya kiti kile kuna ngoko.

Fundi akaacha kutikisa kichwa.

"Ngoko," alisema.

Ndiyo kuku, kwa Kisukuma. Kuku aliyekuwa ameatamia chini ya kiti, na Fundi alikuwa ameinama akamhesabia mayai, tisa, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhesabu kila kitu. Hakuwa amelitafuta neno lile kwa Kisukuma. Tangu asubuhi alikuwa akilitafuta kwa Kiswahili. Kile kifaa kiliporuhusu tena, aliandika polepole, kidole kikirudi nyuma mara mbili: ngokomayai9. Naweza kulitaja kwa sababu siku ileile tulilibadilisha.

Likakubali.

Mama Kulwa alichukua rimoti mwenyewe. Hakungoja saa kumi. Dotto akatokea, amekaa kwenye kiti cha lori, ameishika simu karibu mno, uso wake wote pua na kicheko. "Mama, unaniona?" anasema kwenye ile video. "Unaniona vizuri?"

"Nakuona," alisema Mama Kulwa.

Fundi alikuwa ameshatoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, viatu mkononi, hajavaa.

"Mwalimu, una kalamu?" alisema. "Andika nyumba. Nikitaja, andika. Usiniulize maneno, andika nyumba tu. Tutawarudishia watu vitu vyao kabla sijawaibia."

"Hujamwibia mtu, Fundi."

"Andika."

Tulianza Jumamosi ile. Mimi nilikwenda naye kwa sababu alitaka mtu wa kusoma maandishi madogo, na kwa sababu mke wake alinibana mkono aliponiona nachukua mkoba wa mumewe. Katika kila nyumba utaratibu ulikuwa mmoja. Aliingia, akagusa luninga, akasimama katikati ya sebule akatafuta. Nyumba nyingi neno lilikuja, na likija uso wake ulifunguka kama wa mtoto aliyeitwa kwa jina lake. Kisha alimwita mwenye nyumba, akamwambia achague neno lake mwenyewe, namba yake mwenyewe ya simu, na mwenye nyumba anapoandika yeye aligeukia ukutani. Kabisa, pua karibu na ukuta. Wazee hawakupenda.

"Kwani umetuchoka, Fundi?" mmoja akamuuliza.

"Hapana, ni utaratibu mpya wa mtandao," alisema. Alinikataza kusema vingine. Lakini watu si wajinga. Kufikia Jumamosi ya tatu walikuwa wanatufungulia mlango kabla hatujabisha hodi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wanawake walimpa mayai, wakampa viazi vya kukausha. Alivipokea akiwa na wasiwasi, akiniuliza njiani, "Wamejua?" Nami nikasema hapana. Nilikuwa nimezoea kumdanganya.

Nyumba ya mwisho kwenye karatasi ilikuwa Sapiwi, kwa mzee mmoja mfugaji aitwaye Masanja, ambaye mwanawe wa Dar es Salaam alimlipa Fundi amfungie boksi la umeme wa jua. Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Mashamba ya pamba pande zote yalikuwa ndiyo kwanza yameota. Mzee Masanja akatupokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka," Fundi akaitikia, akaingia, akasimama katikati ya sebule.

Hakuna kilichokuja. Sebule haikuwa imebadilika hata kidogo, mzee mwenyewe alisema. Kibuyu palepale, picha palepale. Fundi alijaribu mpaka kifaa kikamfungia. Tukangoja, akajaribu tena, Kiswahili, Kisukuma, kikamfungia tena. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye kola.

Mzee Masanja akamshika bega. "Acha, ndugu yangu. Kulikuwa na ngoma tu humo ndani. Nitafunguliwa nyingine, ngoma zipo zilezile."

Na kweli hakikuwa kimepotea kitu. Nilimfungulia akaunti mpya kwa dakika chache, mwenyewe akachagua neno akicheka, Fundi akiwa amegeukia ukutani. Lakini tulipotoka nje, Fundi alikwenda nyuma ya zizi, akakaa huko. Mwendesha bodaboda akaniuliza kama mzee anaumwa tumbo. Nikamwambia ndiyo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akapanda pikipiki, tukarudi mjini.

Hakufunga kifaa tena baada ya siku ile. Binti yake, muuguzi huko Mwanhuzi, alikuja kuwachukua, yeye na mke wake, kabla ya msimu wa kuuza pamba. Watu wakaanza kuniita mimi. Nilikataa mwanzoni. Halafu nikajikuta nasimama kwenye sebule za watu nikiuliza rimoti ataishika nani.

Nilikwenda kumwona likizo ya mwezi wa sita. Basi lilichelewa Maswa, nikafika Mwanhuzi jua likiwa kali, vumbi la ng'ombe limetanda barabarani. Mke wake alinikumbatia mlangoni muda mrefu. "Usihuzunike asipokujua," alininong'oneza.

Alikuwa amekaa sebuleni kwa binti yake, amevaa shati safi lililopigwa pasi, amepungua. Nikamsalimu. Aliitikia kwa heshima, akaniita mayu, akaniambia karibu. Nikamwambia natoka Bariadi. "Bariadi ni mbali," alisema. Nikamweleza habari za mtaa, kwamba Mama Kulwa hajambo na mashine yake imepata jiwe jipya. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Sikumtajia mama yangu, na yeye hakuuliza.

Binti yake akawasha luninga ili atuachie kitu cha kutazama wakati anapika. Ilikuwa na kijiti nyuma. Nilijikuta nainuka kukigusa, kilikuwa na joto la kawaida. Nilipogeuka nilimwona Fundi ananitazama kwa makini sana, kichwa amekiinamisha upande.

Kwenye kioo yakatokea maduara mawili yenye majina ya watumiaji, moja la binti, moja la baba, na juu yake swali kwa Kiingereza. Fundi akanipa rimoti.

"Kinauliza nini?"

"Kinauliza nani anayetazama."

Alilifikiria. Mke wake alisimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, hakuingia. Nilianza kuogopa, nikatamani kumbonyezea tu duara lake tuendelee.

"Kiambie tuko wawili," alisema mwishowe, "na mmoja ametoka mbali, bado hajapewa maji."

Mke wake akageuka haraka kwenda kuchukua maji. Nikabonyeza duara la Fundi, nikasogeza kiti changu karibu na chake.